Jibu: Mkataba wa miezi 6 kwa msaidizi wa daktari aliyehitimu juzi

Ndugu, umeuliza kama uchukue huo mkataba wa 1099 (fomu ya kodi ya Marekani ya aliyejiajiri, si mwajiriwa) kupitia wakala, huko Texas. Malipo ya saa yasikupumbaze: kodi ya kujiajiri ni 15.3% kabla hujagusa kodi ya mapato, na bima ya afya unajinunulia. Kinachoumiza zaidi ni bima ya makosa ya kitabibu. Ikiwa inalipa madai yanayofunguliwa bima yenyewe ikiwa hai tu, mgonjwa akishtaki baada ya wewe kuondoka, umeachwa peke yako. Wakala aandike kwamba atalipia nyongeza ya kukulinda baadaye. Ahadi ya simu haina kazi.

Halafu, daktari msimamizi yupo jengoni au ni namba ya simu? Usiku, mgonjwa ana maumivu ya kifua, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) unaisoma mwenyewe... kwa aliyetoka juzi kwenye PANCE, mtihani wa kuthibitisha wasaidizi wa daktari, ningekataa.