Simama kwa Mguu Mmoja, Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Sisi huku Kibosho hatujambo. Vuli imekata mapema, migomba imeanza kulegeza majani. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: mara ya kwanza kwa hofu ya mama, mara mbili zilizofuata kwa sababu unaongea haraka kama kondakta wa daladala.

Nilichoshika ni hiki. Jumamosi alfajiri ulikuwa unakimbia kandokando ya barabara, bodaboda ikakujia upande usio wake, ukaruka, mguu wa kulia ukatua kwenye ukingo wa lami ukapinda kwa ndani. Kifundo kimevimba na kuvilia damu upande wa nje, ila unakanyaga kwa kuchechemea. Mbio za Moshi zimebaki wiki saba na ada ya kilomita 21 umeshalipa. Kisha ukauliza: "Mama, nikae mpaka kipone au niendelee hivyo hivyo kidogo kidogo? Nikikaa nitarudi nilikotoka." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yamenifanya nichukue kalamu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Usikae, na usikimbie. Najua hilo linafanana na jibu la mwanasiasa, lakini nivumilie.

Kwanza tuondoe wasiwasi wa mfupa. Yule mtaalamu wa fiziotherapia aliyenitibu (habari zake zinakuja) alinifundisha kanuni iliyotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, na kutangazwa mwaka 1992. Mimi mwalimu, niliiandika kwenye daftari. Bonyeza kwa kidole ule mfupa uliochomoza upande wa nje wa kifundo, kwenye ncha yake na ukingo wake wa nyuma, ukipanda kama sentimita 6. Fanya vivyo hivyo upande wa ndani. Kisha bonyeza ukingo wa nje wa wayo, katikati, pale penye kinundu cha mfupa wa kidole kidogo, na upande wa ndani wa wayo, juu ya upinde wake. Mfupa wenyewe ukiuma popote hapo, au kama siku ile hukuweza kupiga hatua nne na leo bado huwezi, nenda kapigwe picha bila kunisubiri. Uvimbe peke yake usikutishe, wala usikutulize. Kuna kifundo kinachovimba kama papai na mfupa ni mzima.

Sasa nikusimulie ya kwangu, maana hukuwahi kuyasikia yote. Ulizoea tu kuniona nikishuka kwenye mfereji kwa kushika mgomba, ukadhani ni uzee.

Mei Mosi ya 1989, wewe hujazaliwa, walimu tulicheza netiboli na wauguzi. Mimi nilikuwa senta. Unaujua mchezo wenyewe: ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao, lazima usimame papo hapo, kwa hiyo mwili wote ulio kwenye mwendo unaangukia kifundo kimoja. Nikaruka, nikadaka, nikatua juu ya kiatu cha muuguzi. Nilisikia mlio kama kijiti kikavu. Wauguzi kumi wazima uwanjani, mwanangu, na mimi nikapelekwa kwa mzee mmoja anayesifika kwa kuchua viungo!

Mzee alichemsha maji, akatia chumvi, akanikanda kwa kitambaa cha moto kisha akanichua kwa mafuta mpaka nikalia. Siwadharau watu wa namna yake, mikono yao ina ujuzi wake, na maji ya vuguvugu baadaye yana raha. Lakini siku ile ile, damu bado inavuja ndani, moto na kusugua vinazidisha uvimbe tu. Kesho yake mguu haukuingia hata kwenye kandambili ya babu yako. Siku mbili tatu za mwanzo ni za barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, unapumzika, unarudia. Bandeji ya kuvuta isiyobana hadi vidole vikafa ganzi. Na mguu kuinuliwa juu kuliko kifua. Wewe uko siku ya nne, basi barafu iweke tu jioni ukirudi kazini kama bado pamevimba.

Halafu nikafanya kosa la pili, nalo ndilo lililonigharimu. Nililala wiki tatu. Mama mkwe ananiletea mtori kitandani, mimi malkia. Maumivu yalipoisha nikahesabu nimepona, nikarudi uwanjani. Mechi ya pili tu, kifundo kile kile kikapinda, safari hii hata sikuwa nimegusana na mtu. Baadaye kikapinda kwenye ngazi za kanisa, kikapinda kihambani nikiwa na mkungu kichwani, kikapinda hata nikitembea kwenye lami kavu. Netiboli niliiacha nikiwa na miaka 34. Watu waliniambia mguu umelogwa.

Mwaka 2011 ndipo nilipokutana na dada mmoja wa fiziotherapia, umri wako wa sasa, akaniambia nivue viatu nisimame kwa mguu wa kushoto. Nikasimama bila shida. Nikahamia wa kulia: sikufika hesabu ya nne. Nikashika meza. Miaka 22, na hakuna aliyewahi kunipima kwa kitu rahisi kama hicho.

Akanieleza hivi. Upande wa nje wa kifundo kuna kano tatu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na ile ya mbele ndiyo hutangulia kuumia mguu unapopinda kwa ndani. Kano ikivutika au kuchanika, mwili unaiunga. Ila ndani ya kano hizo kuna mishipa ya fahamu inayopeleka habari juu: hapa pamekaa mteremko, hapa kuna jiwe, vuta huku. Ndiyo inayokuwezesha kutembea gizani bila kutazama miguu. Nayo huharibika pia, na misuli ya kando ya mguu inayopaswa kuitikia ile habari hulegea kwa kukaa bure. Maumivu yanaisha, lakini mguu umesahau kujishika. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja akirudi mbioni haraka huteguka tena. Hakuna mchawi.

Kwa hiyo wewe kazi yako wiki hizi ni kuufundisha mguu. Anza leo, ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha ofisini: andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z, mara tatu kwa siku. Tembea ndani ya nyumba bila kuchechemea, hata kwa hatua fupi. Maumivu yakikulazimisha kuchechemea, shika mkongojo siku mbili tatu, si aibu. Jioni kaa kitandani mguu umenyooka, zungusha khanga kwenye unyayo, vuta taratibu kuja kwako. Ukiona hilo limekuwa jepesi, bandika ukingo wa nje wa mguu kwenye ukuta au mguu wa meza na usukume nje kwa nguvu, hesabu tano, acha. Rudia hadi misuli ya kando ichoke. Hilo la kusukuma nje usilidharau, ndiyo misuli inayozuia mguu usipinde kwa ndani.

Na simama kwa mguu mmoja kila unapopiga mswaki. Asubuhi wa kulia, usiku wa kulia. Ukifika nusu dakika bila kuyumba, fumba macho, utacheka mwenyewe. Ukiweza na hilo, simama juu ya mto. Mimi nilianza nikiwa na miaka 54, hesabu ya nne siifiki. Baada ya kama miezi miwili nilikuwa nakoroga uji kwa mguu mmoja, majirani wakidhani nimepata ugonjwa mpya. Tangu hapo kimenipinda mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa nakimbizana na ndama.

Mambo ya dawa niyaseme kwa ufupi. Panadol inatosha. Hivyo vidonge vya diklofenaki ulivyopewa dukani viache: vinaweza kupandisha presha, na presha yako tunaijua.

Hapo ndipo penye swali lako hasa, naona. Ulipokuja Krismasi ya mwaka juzi na karatasi ya kliniki mkononi, 150 juu ya 95, sikulala. Baba yako kiharusi kilimchukua hivyo hivyo, akisema hajisikii kitu. Ukaanza kukimbia, ukashuka kilo, ukapata wenzako wa alfajiri, na mimi nikamshukuru Mungu. Kwa hiyo ukisema "nitarudi nilikotoka" najua husemi nguo zitakubana. Unaogopa, na mimi naogopa pia.

Lakini sikiliza. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na halijasema lazima ziwe za kukimbia. Moyo haujui kama unaendesha baiskeli au unapanda mlima wa kwenda Mweka. Gym yenu ina baiskeli ya kukaa: mradi kifundo hakiumi, nusu saa siku tano tayari umefikisha. Bahari unayo mlangoni. Mimi mtu wa mlimani, maji nayajua ya mfereji, lakini yule dada alisema kuogelea kunafaa sana, ila mwanzoni usipige miguu kama chura kwa sababu kunazungusha kifundo. Acha miguu ielee, fanya kazi kwa mikono. Jaza madumu mawili ya lita tano maji, yainue ukiwa umekaa mpaka jasho likutoke. Wenzako wa alfajiri usiwakimbie. Nenda ukawashikie maji na simu. Mtu akiacha kundi kwa sababu ya mguu, mara nyingi harudi hata mguu ukipona.

Kukimbia utarudi kwa ngazi. Kwanza utembee haraka nusu saa bila maumivu, na kesho yake pasivimbe. Kisha nyanyua kisigino kwenye ngazi, mara ishirini kwa mguu mmoja, kulia sawa na kushoto. Kisha ruka kwa mguu huo mmoja, mbele, nyuma, pembeni. Ukiona unasita kabla ya kuruka, bado. Ukivuka hapo, kimbia dakika moja tembea mbili, kwenye uwanja tambarare. Mchanga wa ufukwe wa Coco usiuguse kwanza. Unaonekana laini, lakini kila hatua mguu unakaa upande. Na nunua kile kifungio cha kifundo chenye kamba kama za kiatu, ukivae kila ukikimbia kwa miezi kadhaa. Ukifika wiki ya pili na bado huwezi kukanyaga vizuri, usijitibu kwa barua ya mama, nenda kwa fiziotherapia.

Mbio zenyewe sasa. Umenitajia Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathon, nilijua utamtaja. Nilikuwa mtoto wa shule mwaka 1968 na hadithi ya Mexico tuliimbiwa: John Stephen Akhwari wa Mbulu anaingia uwanjani goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, anachechemea, anamaliza wa mwisho. Namheshimu kuliko unavyofikiri. Ila yeye aliumia akiwa tayari njiani, kwenye Olimpiki, ametumwa na nchi. Wewe hakuna aliyekutuma, umelipia mwenyewe kwa simu. Tena watu husimulia mwisho ule wakaishia hapo. Mwaka 1970 kule Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari alikimbia tena marathon akawa wa tano. Mexico haukuwa mwisho wake.

Kilomita 21 mwaka huu huzikimbii. Njia unaijua: inatoka Chuo cha Ushirika, inapanda hadi Mweka, kisha inashuka yote, na kushuka ndiko kunakokwangua kifundo kibovu. Waulize waandalizi kama wanaruhusu kubadili, uhamie zile kilomita 5, utembee. Wakikataa, pesa imekwenda, usiifuate na mguu.

Ukija, lala nyumbani, usiende hotelini na wenzako. Kiti cha baba yako nitakitoa barabarani kama kila mwaka, na ndoo ya maji na vikombe. Wanaopita pale kwetu wakiwa wanapanda huwa hawana hata pumzi ya kusema asante. Utawagawia maji ukiwa umesimama. Kwa mguu wa kulia, mimi nitahesabu.

Nitumie ujumbe leo usiku: umefika ngapi?

Mama yako