Madogo wa ortho (kupanga meno), OPG moja haikuambii chonge limekaa wapi

Juzi nimekaa nyuma kwenye kikao cha kesi, dogo mmoja kapandisha OPG, ile eksirei bapa ya taya zima, ukutani, chonge la juu kushoto halijatoka, limelala juu ya mzizi wa leterali, lile jino jirani yake kwa mbele, anaulizwa liko upande wa kaakaa au wa mdomo, anajibu bila wasiwasi "kaakaa dokta, maana mengi yanakuwaga huko". Mengi yanakuwaga huko! Na mgonjwa yuko nje kwenye benchi na fizi zake, hakuna aliyenyanyuka kwenda kumpapasa. Nawapenda lakini mnanipandisha presha.

1. Kidole kwanza. Mtoto wa miaka 9 au 10 papasa upande wa mdomo, juu ya chonge la utoto, kulia na kushoto. Upande mmoja una kivimbe na mwingine hauna? Haya, sasa omba picha.

2. Picha mbili, pembe mbili. SLOB (same lingual, opposite buccal: la ndani linafuata, la nje linakimbia) mliikariri kwa ajili ya mtihani, sasa itumieni. Tyubu ya eksirei ikisogea na jino likaifuata, liko kaakaa, likikimbilia upande wa pili, liko mdomoni. Ukiwa na OPG na okluzo, ile picha ya kung'ata, tayari unazo pembe mbili, kwenye okluzo tyubu imepanda, we angalia ncha ya chonge imepanda nayo au imeshuka.

3. Kujua upande sio kujua njia, na hapa ndo nilipoungulia mimi. Binti wa miaka 14, anavuka na pantoni kutoka Kigamboni na mama yake. Upande niliupata, kaakaa kweli. Mpasuaji akafungua, tukabandika batani na mnyororo kwenye chonge, nami nikaufunga moja kwa moja kwenye waya, mstari mnyoofu mpaka kwenye nafasi yake, maana kwenye OPG ilionekana hapo hapo tu, kazi rahisi. Kila akirudi nakaza. Chonge haliji. Nikasema labda limeganda kwenye mfupa, nikakaza tena. CBCT, ile picha ya 3D inayokata taya vipande vipande, sikuomba, mama alisema hela ngumu na mimi nikashukuru kimoyomoyo maana nilipunguziwa kazi ya kufikiri. Siku hiyo nabadilisha waya, nikalishika leterali kwa pinseti, likacheza, na sio kule kucheza kwa kawaida kwa jino lenye bresi, hili lilikuwa linaning'inia. Ndo nikaomba CBCT. Nikapitia vipande vya kulala kimoja kimoja, taji la chonge limeegemea mzizi wa leterali kwa nyuma, mzizi umeliwa karibu nusu, na muda wote huo mimi ndo nalivuta lile taji lipite kwenye mzizi wa mwenzake. Lilitakiwa kwanza livutwe nyuma na chini, liuachie mzizi, ndo lielekee kwenye waya. Tukageuza mvuto, kuliwa kukasimama, leterali lipo mpaka leo ila ni la kuombea. Mama akaniuliza, "Kwani dokta, picha ya kwanza haikuonyesha?" Nikamwambia ile picha haiwezi kuonyesha, na nilikuwa najua kuwa haiwezi. Hakusema kitu, akamshika binti mkono wakaenda kuwahi pantoni.

4. Kwa hiyo CBCT ombeni pale chonge limepanda juu ya mzizi wa jirani au mkishuku mzizi unaliwa. Sio kila kesi. Na dirisha la picha liwe dogo, mtoto asipigwe fuvu zima kwa ajili ya jino moja.

5. Mtoto akija mapema OPG ina kazi yake nzuri tu. Chora mstari wa wima katikati ya leterali. Watafiti Ericson na Kurol, 1988, waling'oa chonge la utoto kwa watoto wa miaka 10 mpaka 13 na 78% ya machonge ya kaakaa yakarudi kwenye njia yake yenyewe, ncha ikiwa haijavuka ule mstari 91%, ikivuka 64%. Wazazi wanaielewa hii haraka kuliko nyie.

6. Ripoti ya redio isomeni, ila vipande fungueni wenyewe, maana anayeandika ripoti sio atakayevuta jino. Na mgonjwa akienda kupiga CBCT mwambieni aombe faili lenyewe kwenye flashi. Wiki iliyopita kaja mmoja na karatasi mbili za picha zilizochapwa, nyingine ina doa la chai, na dogo wangu mmoja akaanza kuipimia rula.