Farasi wa pwani akiburura mguu wa nyuma sio mvivu jamani

Mimi nashinda na farasi wa kupandisha wageni huku Paje na Jambiani, pwani ya Unguja, na kitu kinachoniuma roho ni farasi anachechemea nyuma alafu mtu anasema huyu mvivu, mchape. Mara nyingi anaumwa na maungo, yaani viungo vya mguu, khasa kile kifundo cha katikati ya mguu, pale palipochongoka kwa nyuma. Vile viungo vyake vya chini vinasagika taratibu miaka kwa miaka mpaka gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, linaisha.

Mtazame asubuhi akitoka bandani, hatua za mwanzo mkavu, akishatembea kidogo anachangamka. Alafu nyanyua kwato ya nyuma, utakuta ncha ya mbele imelika, na mchangani anaacha mburuzo. Hapo ita daktari wa mifugo, ataukunja ule mguu kama dakika moja kisha atataka akimbizwe polepole palepale, akizidi kuchechemea mshapata pa kuanzia.

Sasa wengi wakishaambiwa ni maungo wanamfungia bandani. Kama mguu umevimba una moto au haukanyagi, sawa, apumzike mpaka daktari aseme, lakini huu ugonjwa wa kusagika unataka mwendo, mdogo na wa kila siku, ukimfungia anazidi kukakamaa.

Na hapa kwetu mwendo ni hesabu ya maji. Maji yakitoka, khasa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, unapata mchanga mpana uliolowa, umeshikana na uko sawa, hapo mpeleke moja kwa moja bila kumzungusha vijiduara maana kona za karibu ndo zinamtonesha. Maji yakijaa unabaki ule mchanga mkavu wa juu, kwato zinazama, na pwani yenyewe imelala upande kwahiyo miguu ya upande mmoja iko chini muda wote na maungo yanapindwa. Mgeni akitaka kupanda wakati huo mwambie asubiri maji yatoke, akikataa mwache aende, pesa itakuja nyengine. Na uzito pia, farasi wa kilo 400 mtu pamoja na tandiko visizidi kilo 80 hivi, huyu mgonjwa mpunguzie zaidi.

Kwato zichongwe kila wiki 6 mpaka 8, ncha ikiachwa ndefu kifundo ndo kinalipa. Dawa ya maumivu, fenilbutazoni, inasaidia kweli lakini ikizidi inaharibu tumbo na figo, kwahiyo kipimo akupe daktari, usimpe tu ili afanye kazi.

Ila mguu ukiganda umenyooka kwa nyuma haukunjiki, hilo jengine, ni pia ya goti la juu imekwama, wanapata sana farasi wachanga na wasio na misuli, hata punda. Usimvute mbele, mrudishe kinyumenyume hatua mbili tatu, aghalabu inaachia. Kinachosaidia ni kujaza misuli ya paja kwa kumpandisha vilima kidogokidogo, Paje ni tambarare tupu, wenzetu wa Pemba mnavyo mpaka mlangoni, vitumieni.