Mtoto wa malezi ya kambo hahitaji jina jipya ili ahame shule

SWALI: Shikamoo afisa. Mimi na mume wangu tunaishi Kimara. Ustawi wa jamii wametukabidhi binti wa miaka 11 tumlee kwa malezi ya kambo. Alikuwa anasoma darasa la tano huko Tandika, akikaa na bibi yake. Tangu aje kwetu hii ni wiki ya tano hajakanyaga shule. Shule ya zamani wanatuzungusha na uhamisho, mara kuna mchango haukulipwa, mara mwalimu mkuu yuko semina. Kuna kaka mmoja hapa mtaani anajulikana kwa kushughulikia mambo ya shule. Anasema habari za uhamisho niachane nazo, atamwandikisha shule ya huku kama mtoto mpya, darasa la nne, kwa ubini wa mume wangu, kwa kuwa kusoma kwenyewe bado anasitasita na itamsaidia kuanza upya. Anataka elfu themanini. Mume wangu ameona ni sawa, mtoto atajisikia wa nyumbani. Nifanyeje? – Mama mlezi, Kimara

JIBU: Marahaba mama. Hiyo elfu themanini iweke, itakusaidia kwenye sare, viatu na nauli.

Swali kama lako nakutana nalo karibu kila muhula, kinachobadilika ni jina la mtaa tu. Na kila mara ndani yake yapo hayo maneno mawili: kuanza upya. Mlezi anayasema kwa nia njema kabisa, mwalimu anaitikia, jirani anaitikia, na mimi nabaki natafuta pa kukaa. Binti yako ana miaka mitano ya shule mgongoni. Amejifunza kusoma kwa kusitasita, lakini amejifunza. Amefanya upimaji wa darasa la nne na ana matokeo. Huyo kaka anakuuzia dawa ya kufuta hayo yote, na wewe ndiye ulipie.

Ngoja nikueleze anachokifanya hasa, maana naamini hajakueleza. Mtoto wako ana namba ya PReM, ule mfumo wa Baraza la Mitihani unaotunza taarifa za wanafunzi. Matokeo yake ya darasa la nne yamekaa kwenye namba hiyo, na atakapofika kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ndiyo itakayomtambulisha. Kwa hiyo uhamisho hauishii kwenye karatasi yenye mhuri. Lazima shule ya Tandika imwachie ndani ya mfumo na shule ya Kimara impokee humo humo. Akiandikishwa kama mpya, serikali inakuwa na watoto wawili: mmoja wa Tandika anayehesabiwa mtoro, na mwingine wa Kimara aliyeshuka kutoka mbinguni akiwa darasa la nne bila kupita la kwanza. Mwalimu mkuu yeyote makini atauliza huyu ametokea wapi.

Ndiyo maana vishoka wa aina hii mara nyingi hawaandikishi mtoto mpya hata kidogo. Wanatafuta nafasi ya mtoto aliyeacha shule, wanampachika wako humo. Anaitwa jina la mwenzake, anafanya mitihani kwa jina la mwenzake, na cheti kinatoka kwa jina la mwenzake. Kurithi jina si jambo geni nchi hii. Wapo watu wazima waliosoma hivyo, wakaajiriwa hivyo, wakapandishwa vyeo hivyo, mpaka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 ulipotaja watumishi wa umma zaidi ya 9,900 kuwa na vyeti vya kughushi. Katika msukosuko ule kuna waliokuwa wamesoma kweli, darasani walikaa wao, mtihani waliandika wao, ila jina ni la mtu mwingine. Uamuzi wa kutumia jina hilo hawakuufanya wao, ulifanywa na mjomba au shangazi aliyetaka kuwasaidia walipokuwa na miaka 11 au 12.

Sasa hilo la ubini. Najua linauma, kwa hiyo nitalisema taratibu. Malezi ya kambo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yanakupa mtoto umtunze, umsomeshe na umtibu. Hayakupi mamlaka ya kumbadilishia jina. Anayeasili mtoto, yaani kumfanya wake kisheria, anapitia Mahakama Kuu, na jina likibadilika huko linabadilika kwa amri, na cheti cha kuzaliwa kinafuata. Wewe na mume wako mmekabidhiwa binti wa watu, ambaye huenda mwakani akarudi kwa bibi yake. (Neno lenyewe “kambo” nalo linatuvuruga. Mtaani wa kambo ni mke wa baba, kwa hiyo ukisema shuleni “huyu ni mtoto wangu wa kambo” mwalimu anafikiria ugomvi wa ndoa. Sema tu wewe ni mlezi, umekabidhiwa na ustawi wa jamii, na uonyeshe barua.)

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye shule moja, sitaitaja, kwa kesi ya mvulana wa darasa la tatu aliyeandikwa mtoro sugu. Daftari la mahudhurio linaonyesha hayupo, hayupo, hayupo, karibu mwezi mzima. Mlezi wake anaapa kwamba kila asubuhi anamfikisha getini kwa mkono wake. Tukaingia darasani. Watoto zaidi ya mia, wanne wanne kwenye dawati. Mwalimu akaita jina, jina zuri la ukoo wa mlezi. Kimya. Akaita tena. Kumbe mtoto yupo, dawati la karibu na dirisha, anachonga penseli kwa wembe. Hakuwa mkaidi. Hakujua kuwa ndiye anayeitwa, na mwalimu mwenye watoto wote wale hakuwa amepata nafasi ya kumjua kwa sura. Nikaomba daftari lake. Juu ya jalada mlezi alikuwa ameandika jina jipya kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa kupendeza. Ndani, kila ukurasa, pale juu wanapoandika tarehe, mtoto alikuwa ameandika jina lake la zamani, akaikandamiza penseli mpaka ukurasa wa nyuma unalisoma kwa kidole.

Kwa hiyo mwambie mume wako, kwa heshima, kwamba kujisikia wa nyumbani kunaletwa na sahani yake mezani na ndoo yake ya kuogea. Jina lake amwachie. Kwa watoto wengi wa namna hii jina ndicho kitu pekee walichobeba kutoka kwao ambacho hakikuhitaji mfuko.

Nirudi kwenye kusoma. Hapa nagombana hata na walimu ninaowaheshimu. Mtoto aliyehamahama ana mashimo, na mashimo hayo hayajapangwa kwenye darasa moja. Nimewahi kumsimamia binti aliyefundishwa mzingo mara mbili kwenye shule mbili tofauti, na hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, hakuwahi kukutana nazo, kwa sababu alipoondoka shule ya kwanza walikuwa hawajazifikia na alipofika ya pili walikuwa wamezimaliza. Ukimrudisha mtoto kama huyo darasa moja nyuma unampa mwaka mzima wa kurudia asilimia kubwa ya anayoyajua, na shimo lenyewe huenda liko darasa la tatu. Anachojifunza kwa uhakika ni kwamba yeye ni mjinga, maana watoto wenzake watamwambia siku ya kwanza tu kuwa yeye ni mkubwa kuliko wao.

Fanya hivi. Tafuta kitabu cha Kiswahili cha darasa la tatu, kaa naye jioni akiwa ameshakula, akusomee ukurasa mmoja. Usimsahihishe kila neno. Angalia anapokwama: kwenye silabi kama “ng'wa” na “mbwa”, au kwenye maneno marefu, au anasoma vizuri ila hajui alichosoma. Kesho yake jaribuni hesabu nne: kujumlisha kwa kubeba, kutoa kwa kukopa, kuzidisha, kugawanya. Utajua mengi kwa nusu saa hizo mbili. Mpeleke pia akapimwe macho na masikio. Wapo waliorudishwa darasa kumbe ubao hawauoni. Na uyaandike uliyoyaona, umpe mwalimu wa darasa, umwombe akutajie mada alizopitwa. Mwalimu anayeletewa “hajui kugawanya kwa tarakimu mbili” ana pa kuanzia. Anayeletewa “ana shida kwenye masomo” atakuitikia tu.

Wiki za kwanza usimhukumu. Mtoto aliyetolewa kwao juzi halali vizuri, na asiyelala hasomi. Mpe muhula. Kama baada ya hapo mwalimu, wewe na afisa wako wa ustawi mtaona kwa pamoja kwamba akariri darasa, akariri, kwa jina lake na namba yake. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kushushwa kimyakimya ili nyaraka zisiulizwe.

Uhamisho wenyewe hauna uchawi. Anza na shule ya Kimara, uhakikishe wana nafasi na wako tayari kumpokea. Kwa kuwa Tandika iko Manispaa ya Temeke na wewe uko Ubungo, karatasi zitapita kwa Maafisa Elimu wa pande zote mbili, kwa hiyo nenda na barua ya ustawi wa jamii, na mwambie afisa aliyekukabidhi mtoto apige simu yeye. Ni kazi yake. Wala sitaficha, na sisi maofisa tuna lawama yetu: tunamkabidhi mtoto Ijumaa mchana, tunasaini fomu, na hakuna aliyekumbuka kuuliza Jumatatu atasoma wapi. Ungepewa barua ya shule siku ile ile, usingekutana na huyo kaka.

Mwalimu mkuu akiwa semina, yupo msaidizi wake. Na mchango usikutishe. Michango ya lazima ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na mchango ambao bibi hakuulipa hauwezi kuwa sababu ya kumzuia mtoto asihame. Wakiendelea, muulize kwa upole mwalimu akuandikie hiyo sababu kwenye karatasi na aigonge mhuri. Sijawahi kumwona aliyeandika. Wakati nyaraka zinazunguka, omba shule ya Kimara impokee akae darasani. Wakuu wa shule wengi wakiiona barua ya ustawi hukubali. Wiki ya sita isimkute sebuleni.

Utauliza kwa nini asiendelee Tandika. Kama umbali ungekuwa wa daladala moja ningekwambia mwache amalize muhula na marafiki zake, maana mtoto aliyepoteza nyumba hana haja ya kupoteza na rafiki wa dawati wiki hiyo hiyo. Ila Kimara mpaka Tandika kwa mtoto wa miaka 11 ni kuamka saa kumi usiku na kugombana na makonda wasiotaka wanafunzi. Mhamishe. Ingekuwa yuko darasa la mtihani na usajili wa watahiniwa umeshafungwa, jibu langu lingegeuka, kwa sababu kituo alichosajiliwa ndicho atakachofanyia mtihani, na hapo ni heri kumtafutia mahali pa kulala karibu na shule kuliko kumng'oa.

Kwa walezi wengine mnaosoma hapa, kishoka hatembei na bango. Mwingine anakuja kama mwalimu wa tuisheni anayekuahidi mtoto kushika namba moja ndani ya wiki tatu. Mwingine anakuja na shule ya ingilishi midiamu itakayompokea “bila maswali mengi”. Mtoto aliyesoma Kiswahili miaka mitano anaingizwa darasa la tano la Kiingereza, anakaa kimya mwaka mzima, kisha mnaambiwa ana uzito wa akili. Yupo na wa tatu, anayemtazama mtoto usoni akasema ana kitu kimemkalia, aletwe aombewe kabla ya kupelekwa shule. Wote watatu wanakuuzia njia fupi ya kuruka kumjua mtoto, na wote wanapenda wasionekane kwa afisa elimu. Mtu akikwambia jambo la shule ya mtoto lisifike ofisini, hapo hapo ondoka. Na kama unaona kuna mtoto anachezewa hivyo na huna wa kumwambia, namba 116 ya simu ya mtoto inapigwa bure.

Shuleni wanaohitaji kujua habari za binti ni mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, basi. Waombe wasimtambulishe mbele ya wenzake kama yatima au mtoto wa kulelewa. Aingie kama mtoto aliyehamia kutoka Tandika, ambavyo ndivyo alivyo.

Jumamosi hii nenda Tandika kwa bibi, na binti mwenyewe afuatane nawe. Chukueni ripoti zake za muhula na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Madaftari ya zamani pia, yote, hata yaliyochanika. Yaulizieni mapema, kabla bibi hajampa muuza karanga.