Jibu: Gazpacho imejitenga na ladha imepooza

Dada, umesema gazpacho yako, ile supu baridi ya nyanya, imejitenga, maji chini na povu juu, na ladha imepooza. Shida naiona kwenye mkate na mafuta. Kule Andalusia, kusini mwa Uhispania, supu hii haipikwi kabisa. Kinachoishikanisha ni mkate mkavu wa jana na mafuta ya zeituni.

Kwa kilo 1 ya nyanya zilizoiva hasa, weka tango nusu, hoho moja, punje moja ya kitunguu saumu, mkate kama gramu 50 na siki vijiko 2. Katakata, tia chumvi, acha nusu saa mboga zitoe maji. Usiyamwage, ndiyo utamu wenyewe! Kisha saga, na blenda ikiendelea kuzunguka mimina mafuta mililita 80 kidogo kidogo, mpaka wekundu ugeuke rangi ya chungwa. Hapo imeshikana. Chuja, weka kwenye friji saa 3 au 4.

Onja tena kabla ya kuandaa, maana baridi hufifisha chumvi. Barafu usitie ndani, itaizimua. Ukiitaka nzito, ongeza mkate na uache tango: unaelekea salmorejo, supu nzito ya nyanya na mkate ya mji wa Córdoba huko huko Andalusia, ambayo mimi naipenda zaidi, na yai la kuchemsha juu yake.