Maswali na majibu: kuwapiga picha wadudu kwa simu na kamera ya kawaida

Nikiisogeza simu karibu na nyuki, picha inafifia. Ninunue simu nyingine? (Msomaji, Mbagala)

Usinunue. Kamera nyingi za simu haziwezi kufokasi kitu kilicho karibu mno. Kinachokosekana ni kioo cha kukuza mbele ya lenzi: ile lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, au hata lenzi ya jichoni ya fundi saa. Inayokuza mara 10 huona vizuri kwa umbali wa sentimita 2.5 hivi, kwa hiyo jiandae kumsogelea mdudu kwelikweli. Kama simu yako ina kamera kadhaa, hakikisha kioo kimekaa mbele ya ile inayopiga, maana simu nyingine hubadilisha kamera zenyewe ukikaribia.

Usivute picha kwa vidole. Huko ni kuikata tu. Sogea wewe. Ukiwa karibu hivyo, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba mno, pengine milimita moja au mbili, basi ipeleke kwenye jicho. Jicho likiwa safi, miguu ikififia hakuna atakayelalamika. Egemeza viwiko, bana pumzi, yumba polepole mbele na nyuma huku ukipiga mfululizo. Nyingi utazifuta, na ndivyo kazi hii ilivyo. Jifunzie kwa buibui aliyetulia kwenye utando wake kabla ya kuwafuata chungu maji moto wa kwenye mwembe, ambao hawatulii na wanang'ata.

Nina kamera ya zamani na lenzi ya milimita 50. Ni kweli naweza kuigeuza nyuma mbele?

Ni kweli, na kwa bei ndogo sijaona njia inayoishinda. Ikigeuzwa, mdudu hutua kwenye sensa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha, akikaribia ukubwa wake halisi. Tafuta ringi ya kugeuzia, na lenzi yenye ringi yake ya kurekebisha tundu la kupitishia mwanga, kwa sababu ikigeuka kamera haiwezi tena kuiamuru. Weka tundu dogo, f/8 au f/11. Picha itaingia giza, hivyo washa flashi na uikinge kwa karatasi nyeupe ili mwanga uwe laini. Upande wa nyuma wa lenzi unabaki wazi, kwa hiyo usiipeleke Coco Beach siku ya upepo wa mchanga.

Upepo unanisumbua.

Toka saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa, shikilia shina kwa mkono wa kushoto.

Lenzi yangu imeota ukungu kwa ndani. Nifanyeje?

Mpelekee fundi mapema, kabla haujala kioo. Kwa unyevu wa Dar, tunza vifaa kwenye kopo la plastiki linalobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje. Vinginevyo matone yatatanda papo hapo.

Nianzie wapi hapa mjini?

Uani kwako. Halafu Bustani ya Mimea jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1893, ina maua na kivuli kizuri. Mwenye nafasi aende msitu wa Pugu. Mimi napenda zaidi mikoko ya Kunduchi maji yakiwa yamekupwa. Kaa wadogo, madume wenye gando moja kubwa, hukimbilia mashimoni ukitembea, lakini ukichuchumaa bila kutikisika hutoka tena. Shusha simu hadi usawa wa tope, ulenge macho yao yaliyosimama juu ya vijiti.