Unatoka Shambani, Unaingia Barazani: Kwa Vijana wa Tabora Wanaoanza Siasa

Vijana wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui hunijia kila uchaguzi unapokaribia, wanataka kujua waanzie wapi. Wengi wamezaliwa kwenye nyumba za tumbaku kama mimi. Nilikuwa mwenyekiti wa kijiji, kisha diwani kwa vipindi viwili, na sentensi ninayoisikia kwao haibadiliki: "Mimi ni mtoto wa mkulima, wananchi wananijua." Wanakujua, sawa. Lakini kwetu nani si mtoto wa mkulima? Huyo mtakayeshindana naye kalelewa jirani na bani la kukaushia tumbaku, kafunga majani kwenye vijiti usiku kama wewe. Asili yako haiwezi kuwa hoja ya kuombea kura. Faida yake utaiona baadaye, ukishakaa kwenye kikao, kwa sababu unayajua mambo ambayo ofisa aliyehamishiwa hapa mwaka jana hajayaona. Kazi yako ni kuyafikisha kwenye kabrasha la bajeti yakiwa na tarakimu.

Jina la Mtoto wa Mkulima lilivuma nchini kwa ajili ya Mzee Mizengo Pinda, jirani yetu wa Mpanda, Waziri Mkuu kuanzia Februari 2008 hadi Novemba 2015. Vijana wanalipenda sana jina hilo, ila wachache wanaitazama miaka iliyolitangulia. Alipata shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, na ubunge akaupata mwaka 2000. Katikati hapo kuna miaka zaidi ya 25, na sehemu kubwa aliitumia serikalini, Ikulu ikiwemo, kwenye kazi za mafaili na maandishi ambazo hazina jukwaa wala spika. Kisha akawa naibu waziri katika ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ndipo akaja kuwa waziri. Siwaambii msubiri miaka yote hiyo. Nawaambia kwamba aliyeitwa mtoto wa mkulima alikuwa pia mtu anayejua faili linavyotembea kutoka meza moja hadi nyingine, na hilo la pili ndilo mnaloweza kulianza leo.

Sasa niseme jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: kalenda. Mkulima wa tumbaku ana kalenda yake na serikali ina yake, na zinagongana vibaya. Vitalu vya miche tunaviandaa Agosti na Septemba. Mvua zikianza tunahamishia miche shambani. Januari mpaka Machi ni kuchuma na kukausha, watu wanalala mabanini wakilinda moto. Masoko yanafunguka kuanzia Aprili na kuendelea. Upande wa serikali, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini bajeti yake imeshaanza kupikwa miezi mingi nyuma: vijiji vinatoa vipaumbele kabla ya mwaka kuisha, na halmashauri inapitisha makadirio wakati majani yako shambani yanaiva. Ukiitisha mkutano mkuu wa kijiji Februari saa nne asubuhi, watakuja wazee watatu na wenye maduka. Mnaamua darasa lijengwe wapi bila watu ambao watoto wao watasoma humo.

Mwanakijiji yeyote mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na sheria inataka ukutane walau kila miezi mitatu. Haisemi lazima uwe asubuhi. Sisi tulihamishia mikutano jioni, na mara nyingine siku ya gulio watu wakishauza na kununua. Akina mama walianza kuja, wakaanza kuuliza habari ya kisima. Hili si jambo la kusubiri udiwani. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kulifanya wiki ijayo.

Upande wa pili wa kalenda hiyo unamhusu mgombea. Kura za maoni ndani ya vyama huangukia miezi ambayo fedha za tumbaku zinatoka au zinasubiriwa, na kampeni hufika Agosti hadi Oktoba, vitalu vikihitaji maji kila siku. Kwa mgombea mwenye mshahara mjini huo ni usumbufu mdogo. Kwa wewe ni msimu mzima wa familia. Nimeona nyumba zilizokosa miche kwa sababu kijana aliyekuwa nguzo ya shamba alikuwa juu ya pikipiki akizunguka vijiji.

Kuhusu fedha nitakuwa mkali, mnisamehe. Usiuze mbolea ya mkopo ili upate nauli na mabango. Pembejeo zile zimekuja kupitia chama cha msingi cha ushirika, na deni lake linakatwa sokoni. Ukishindwa kulipa, mzigo unaangukia chama, maana yake wanachama wenzako walioamka alfajiri kupanga tumbaku kwa madaraja. Unataka kura za watu haohao uliowaachia deni. Wala usichukue "msaada" wa mfanyabiashara mwenye maslahi kwenye tumbaku au mazao ya misitu, kwa sababu siku ya kujadili ushuru na vibali atakaa nyuma ya ukumbi akikutazama. Na watakaokwambia bila kutoa kitu huchaguliwi, wakumbushe kwamba Mahakama Kuu iliitangaza takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010. Shinikizo lipo, najua. Wapo wajumbe watakaokuuliza waziwazi umekuja na nini. Wajibu kwa heshima, shikamoo kwanza, kisha eleza ulichokifanya kitongojini. Kama hujafanya kitu kitongojini, hapo kweli hutakuwa na jibu.

Ukishapata udiwani, utafuatwa sokoni. Mzee atakushika mkono: mtumba wake, yaani furushi lake la tumbaku, umepewa daraja la chini na anataka uingilie. Diwani hana mamlaka ya kubadilisha daraja, wateuzi wanaopanga madaraja wako chini ya Bodi ya Tumbaku. Usimpe ahadi. Kaa naye, mweleze utaratibu wa kulalamika kupitia chama, mwandikie kama hawezi kuandika. Mweleze pia kwamba bei katika mkataba ikitajwa kwa dola, shilingi atakazopata zinategemea na thamani ya dola siku ya malipo. Mara nyingi nimekuta ugomvi uliokuwa karibu kuvunja chama ni wa watu ambao hakuna aliyewafafanulia makato mstari kwa mstari. Na uongozi wa chama cha msingi waachie wengine. Mtu mmoja kuwa mlalamikaji, msimamizi na msemaji wa fedha zilezile hakuleti amani.

Mahali penye nguvu yako halisi ni ushuru wa mazao. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na anayeulipa ni mnunuzi. Chukua kalamu. Tuseme chama kimoja cha msingi katani kwako kimeuza tumbaku ya shilingi milioni 800. Asilimia 3 ni milioni 24. Jumlisha vyama vyote vya kata, kisha fungua kabrasha uone kata yako imepangiwa nini kwenye mapato ya ndani: matundu ya vyoo, boma la zahanati, au hakuna. Ukisimama kwenye Baraza ukasema "wananchi wangu wanateseka," utapigiwa makofi na kikao kitaendelea. Ukisema kata yetu imechangia kiasi hiki na imerudishiwa kiasi hiki, Mkurugenzi atalazimika kumgeukia mweka hazina. Hesabu hizo mtoto wa mkulima anazipata kwa urahisi kuliko mtu mwingine, kwa sababu katibu wa chama ni shemeji yake au walisoma darasa moja.

Kwenye mapato hayohayo ya ndani kuna asilimia 10 ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Vikundi vya vijijini hupitwa kwa sababu katiba ya kikundi haijaandikwa au usajili haujakamilika, huku vya makao makuu ya wilaya vikiwa tayari. Kaa na ofisa maendeleo ya jamii wa kata, mpange siku ya kuviandikisha kabla dirisha halijafunguliwa. Mama anayefunga tumbaku ya mume wake msimu mzima na haoni hata senti ya malipo yake anastahili mtaji wa mizinga ya nyuki au wa kununua alizeti. Niliwahi kuona kikundi cha namna hiyo kikisimama, na nyumba kadhaa zikapumzika na ugomvi wa wakati wa malipo.

Barabara ya kwenda ghalani, tangu mwaka 2017, iko kwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Peleka barua kwao, na nakala ihifadhi.

Miti nayo isisahauliwe. Tumbaku yetu inakaushwa kwa kuni, na miombo iliyokuwa nyuma ya nyumba za wazazi wetu sasa inafuatwa mbali kwa mkokoteni. Kiongozi anayetoka nje anaweza kuwahubiria wakulima waache, akaonekana hana huruma. Wewe unaweza kusema kwa sababu umezipasua kuni hizo. Sema mapema, simamia kitalu cha miche ya kata, na shamba lako liwe la kwanza kupandwa.

Kabla ya kila robo mwaka soma taarifa za kamati yako, zote, hata zile za kurasa nyingi zenye majedwali. Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inapowekwa mezani bungeni, tafuta halmashauri yenu imeandikwa nini. Usione haya kumwomba mwalimu wa hesabu akufafanulie jedwali. Hata kwa mbunge, sifa kuu za kikatiba ni umri wa kuanzia miaka 21, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na kuwa mwanachama aliyependekezwa na chama, na milango haikuwa wazi hivi siku zote. TANU ilipokutana hapahapa Tabora Januari 1958 na kukubali kuingia kwenye kura tatu, yaani kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, mpiga kura alitakiwa awe na kipato, elimu au wadhifa fulani, na wakulima wengi walibaki nje. Babu zetu walilima bila sauti ya kuamua. Nikikumbuka hilo naumia ninapomwona diwani kijana akisaini posho na kuondoka kabla ya ajenda ya tatu.

Kwa mabinti: viti maalumu si chini ya theluthi moja ya madiwani, na ni njia halali ya kujifunzia kazi. Lakini kata nazo ni zenu. Gombeeni.

Basi kabla ya kuchukua fomu, kaa na wazazi na ndugu zako mkubaliane nani atamwagilia kitalu Septemba, nani atasimama sokoni, na ng'ombe wangapi hawaguswi hata ukizidiwa. Mkikosa jibu, acha udiwani kwa sasa. Uchaguzi wa vitongoji na vijiji hutangulia ule wa madiwani kwa mwaka mmoja, kama ilivyokuwa 2019 na 2020, kisha 2024 na 2025. Kitongoji hakihitaji mabango, unakizunguka kwa baiskeli na jioni unarudi shambani. Gombea hicho kwanza.